Miguu ya Nyanya

Manga, Nyamira
14 Aprili 2024

Valarie mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi Mama Mong'ina na kutoka kwa Mokua mume wangu. Sisi wazima. Mkungu huu wa ndizi ni wa shambani kwetu, wa kupika, si wa kuivisha, usije ukaufunika gunia halafu unilaumu. Abner wa duka la mbolea pale Kebirigo ameniahidi utafika Kendu Bay ukiwa bado kijani. Barua nimeichomeka katikati ya vichane, mahali pale pa kila mwaka.

Uliwahi kuniuliza kwa nini nisipige simu kama watu wa siku hizi. Simu yangu haiko kwangu, iko kwa Mong'ina. Ndiye anayejua neno la siri, ndiye anayenisomea jumbe za kanisa, na akiona jina asilolijua anauliza mpaka jasho linitoke. Wewe nawe ulisema simu yako mumeo Jeconia huishika. Basi tuandikiane. Kiswahili chetu ni hiki cha sokoni, mimi Mkisii na wewe Mjaluo, lakini tunasikizana.

Nilikuahidi siku ile nje ya korti kwamba nitakupa habari za mtoto kila mwaka, na mimi si mtu wa kugeuka. Amefika gredi ya nne. Hesabu anazijua, insha hazipendi. Siku ya Sabato anaimba kwaya ya watoto, anasimama mbele kabisa, na sauti yake jameni, hata wale wanaosinzia huamka. Nywele bado ni nyingi, kuzisuka ni kazi ya alasiri nzima.

Lakini jambo ninalofurahia kukuandikia ni hili. Unajua tulimpa jina la marehemu mama mkwe wangu, mama yake Mokua. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia, na mtu huyo hurudi kidogo. Basi huyu mzee amerudi kweli! Mama mkwe alikuwa na miguu. Baridi ya Juni ikiingia, magoti na vifundo vinamuuma, anakaa kando ya moto amejifunga leso. Na Mong'ina ni vivyo hivyo! Baridi ikija anashikwa miguu, na mikono wakati mwingine, analala kutwa. Dada zake Mokua wakimwona wanacheka wanasema, "Huyu ni mama mtupu." Mokua mwenyewe humwita mama, humletea maji moto ya kumkanda. Na kama nyanya yake, halii. Mama mkwe hakulia hata siku moja, hivyo ndivyo tunavyomsimulia, na mtoto naye huuma midomo akanyamaza. Nakwambia Valarie, wale walionong'ona miaka ile kwamba mtoto wa kuletwa hawi wa boma, siku hizi wakiiona hiyo miguu hawana la kusema.

Mwezi uliopita ilimshika vibaya tukaenda hospitali mjini. Daktari akauliza kama kuna mtu wa ukoo mwenye maumivu kama haya. Nikamjibu, yupo, nyanya yake. Akatupa dawa ya kupaka.

Picha hiyo hapo. Sweta ni ya shule, imembana, najua.

Wako,
Phanice Nyanchoka, Mama Mong'ina


Kendu Bay
5 Mei 2024

Mama Mong'ina mpendwa,

Ndizi zimefika salama. Picha nimeitazama mpaka pembe zimeanza kukunjika.

Nina maswali, naomba unijibu hata kama yatakuudhi. Macho yake huwa ya manjano? Alipokuwa mdogo, akianza kutembea, vidole vya mikono na miguu viliwahi kuvimba? Homa ikimshika hukawia kumwacha? Yule daktari alitoa damu akaipima, au alimwangalia tu?

Asioge maji baridi. Usimtume kisimani asubuhi, wala asikufuate shambani kuchuma majani chai kukiwa na umande. Anywe maji mengi hata kama hana kiu.

Omena hizi, dagaa wa ziwani, zianike tena juani kabla ya kuziweka. Suruali mbili nimezishona mwenyewe hapa kazini, ndani nimetia kitambaa kizito. Sema umenunua sokoni.

Ni mimi,
Valarie Akong'o


Manga
2 Juni 2024

Valarie,

Omena tumekula, asante. Mokua ametoa vichwa vyote akavipanga kando ya sahani kama kawaida yake. Suruali zimemtosha.

Barua yako imeniudhi. Ulijua itaniudhi na ukaiandika tu. Maswali mfululizo kama askari wa barabarani! Kwani umesikia nini? Kuna mtu amekwambia hatumtunzi? Mtoto huyu alikuja kwangu akiwa na miezi minne, sijawahi kumlaza njaa wala kumnyima sweta. Maji baridi anaoga, ndiyo, kama watoto wote wa mlima huu, na hakuna aliyeyeyuka. Kama unataka kumrudia sema waziwazi, usipitie kwenye maji ya kuoga.

Macho huwa ya manjano, ndiyo. Tulisema ni malaria. Vidole vilivimba, ndiyo, akiwa na mwaka na nusu, tukasema ni baridi. Haya, nimekujibu. Umefaidi nini?

Na kabla hujauliza lile lingine, hapana, hajui kwamba wewe ndiye uliyemzaa. Kwanza nilingoja aanze shule, halafu nikangoja ajue kusoma, sasa nangoja amalize gredi ya nne. Isitoshe, kwetu mzazi hakai na mtoto wake kumwambia mambo ya kuzaliwa. Ni aibu kubwa. Hayo ni mazungumzo ya nyanya na mjukuu, na nyanya ndiye huyo amelala pale nyuma ya migomba. Ningemtuma nani?

Huyu ni Mong'ina, binti wa Mokua. Ana jina, na ana miguu ya mwenye jina. Tafadhali usiniharibie.

Phanice Nyanchoka


Kendu Bay
23 Juni 2024

Mama Mong'ina,

Sitaki kumchukua. Ningetaka kumchukua nisingekuuliza kuhusu macho yake.

Hiyo si miguu ya mama mkwe wako. Pole, lakini si yake.

Nilikuwa na ndugu yangu mdogo anaitwa Oketch. Mvua ikinyesha aliumwa miguu, mikono, mgongo. Macho yake yalikuwa ya manjano. Majirani walisema amerogwa, mwalimu alisema anakwepa shule, baba akasema ni uvivu. Tulipompeleka hospitali kubwa, damu ikapimwa, wakasema ni sikoseli, ule ugonjwa ambao redioni wanauita selimundu. Ni ugonjwa wa damu. Mtu huzaliwa nao, na ni lazima aupate kwa baba na mama wote wawili. Mimi naweza kuwa na nusu yake nisiugue hata siku moja. Yule mwanamume wa Kebirigo aliyenipa mimba lazima naye alikuwa na nusu, na huko alikoenda sikujui. Oketch tulimzika mwaka huo huo.

Utauliza mbona sikusema. Hakuna aliyeniuliza! Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Waliniuliza kama natoa mtoto kwa hiari, wakaniuliza kama najua kusoma. Wewe mwenyewe uliniuliza kama ananyonya vizuri, nikakwambia vizuri sana. Alikuwa mnono, anacheka na kila mtu. Sikuwahi kufikiri ya Oketch yangemfikia. Nimeyafikiria niliposoma barua yako ya Aprili, nikaiacha cherehani na kazi ya watu nikaenda nyuma ya duka kulia.

Mpeleke hospitali. Daktari akiuliza, sema hivi: mama aliyemzaa anatoka upande wa ziwa, na mjomba wake alikufa kwa selimundu. Ukisema nyanya, mtapewa tena dawa ya kupaka. Najua Mong'ina atakuwa amekaa hapo akisikia. Sema tu. Julai inakuja na nyinyi mko juu kwenye baridi.

Usininyime jibu.

Valarie


Manga
18 Agosti 2024

Valarie mdogo wangu,

Nimekunyima jibu na sina la kujitetea. Barua yako niliisoma nikaifukia kwenye debe la wimbi, nikajiambia nitaitoa baridi ikipungua. Baridi haikunisubiri.

Katikati ya Julai alishikwa akitoka shule. Boda boda alimshusha langoni akiwa ameinama, hawezi kukanyaga. Halii. Anatetemeka, jasho linamtoka, na halii. Mokua akamkanda kama kawaida, akamwambia, "Jikaze mama, wewe ni mama yangu." Nikasimama pale na beseni mkononi nikasikia maneno hayo, nikaona kama tunamsukuma shimoni sisi wenyewe. Nikaenda kwenye debe. Nikampa Mokua barua yako. Aliisoma amesimama, akatoka nje akaita boda boda ileile irudi.

Hospitalini daktari alikuwa mwingine, kijana. Akauliza lile swali. Nikamwambia Mong'ina atoke nje kidogo, mtoto asiyeweza hata kusimama! Daktari akasema, "Mama, mgonjwa haondoki." Hivi unavyonijua mimi kwa kuongea, nikaanza kukunja sweta yake.

Basi Mokua akasema. Alikuwa amemshika mtoto mguu. Akasema, "Mama aliyemzaa mtoto huyu anatoka Kendu Bay, na mjomba wake alikufa kwa selimundu." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa tangazo kanisani, kisha akainama akamwangalia Mong'ina. Mimi niliangalia ukuta.

Unajua aliuliza nini? Hakuuliza mama huyo ni nani. Aliuliza, "Kwa hiyo miguu si ya nyanya?" Mokua akamwambia si ya nyanya. Machozi yakamtoka, bila sauti. Akauliza, "Na jina?" Mokua akamwambia, "Jina sikukupa kwa sababu ya miguu. Ulikuwa bado hujui hata kukaa nilipokupa."

Damu ikapimwa. Ni selimundu, kama ulivyosema. Alilazwa, akatundikiwa maji, akapewa dawa ya maumivu, na sasa ana vidonge vya kila siku ambavyo daktari anasema asiache kamwe. Maji ya kuoga nachemsha. Suruali zako anavaa moja juu ya nyingine, na nimemwambia zilitoka kwako.

Niliporudi nyumbani nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa. Nakiri nilikuwa naipenda ile miguu. Ilikuwa ikinijibia watu.

Sasa anataka kukuandikia, barua yake iko ndani ya hii. Sijaisoma, amenikataza. Mjibu yote atakayouliza, hata lile la kwa nini ulimtoa, nimekubali. Jambo moja tu nakuomba kwa magoti: asijue Oketch alikufa akiwa na umri gani. Mimi nimemwambia alikuwa mtu mzima. Sema hivyo hivyo. Ni mtoto wa miaka tisa, Valarie.

Wako,
Phanice


Manga
Jumapili

Kwa Valarie Akong'o,

Jina langu ni Mong'ina Mokua. Niko gredi ya nne. Mwalimu wangu wa Kiswahili anasema barua huanza na salamu, kwa hivyo salamu.

Mama aliniambia wewe ndiye ulinizaa na kwamba ulishona suruali. Suruali ni nzuri lakini mfuko wa kulia ni mdogo, penseli inaanguka. Mama alisema hukunitupa, ulinipeana kortini na ulikuwa umevaa viatu vya kuazima kwa sababu vyako vilikuwa vimeharibika. Ni kweli? Kwa nini ulinipeana? Una mtoto mwingine? Wewe unaumwa miguu?

Baba ameniambia nikikuandikia nikuite nitakavyo. Bado sijaamua.

Nataka kujua habari za Oketch kwa sababu ugonjwa wangu ni wake. Alikuwa na miaka mingapi alipokufa? Mama alisema alikuwa mtu mzima. Lakini wakati anasema alikuwa anasugua sufuria ambayo alikuwa ameshaiosha. Nilimwuliza Baba akaenda kuangalia ng'ombe.

Mimi sitalia ukiniambia. Nyanya yangu hakuwa analia.

Usiwaambie nimeuliza hii.

Mong'ina


Kendu Bay
8 Septemba 2024

Mong'ina,

Nimepokea salamu zako, nami nakusalimu. Mfuko nitaushona upya, niletee suruali kupitia kwa Abner.

Viatu vilikuwa vya kuazima kweli. Vyangu vilikuwa na shimo na sikutaka mama yako anione hivyo. Nilikupeana kwa sababu nilikuwa nalala sakafuni kwenye duka la kushonea la mtu pale Kebirigo, na baba aliniambia nisirudi nyumbani na mtoto. Sikuwa na mahali pa kukuweka. Nilikutaka, lakini kutaka hakukuwa nyumba. Niliwaona Phanice na Mokua, nikaona wanakushika kama wanaogopa utavunjika, nikasema hawa. Sijawahi kujuta kwamba ni hawa. Kukukosa nimekukosa kila siku, hayo ni mambo mawili tofauti.

Sina mtoto mwingine. Miguu hainiumi.

Oketch alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mama yako alikwambia mtu mzima kwa sababu anakupenda na anaogopa. Usimlaumu. Mimi sikuwahi kukwambia neno lolote maishani mwako, na sitaki la kwanza liwe la uongo.

Sasa sikiliza na haya mengine, kwa sababu kumi na miwili si habari yote. Oketch hakunywa vidonge hata kimoja, hakuna aliyejua kuna vidonge. Alioga ziwani mvua ikinyesha. Wewe una vidonge, maji moto, daktari anayekujua jina, na wazazi wanaokimbia. Nimemwuliza daktari wa hapa, akaniambia ana wagonjwa wa selimundu ambao ni watu wazima, wameoa, mmoja ni mwalimu. Hakuniahidi kitu, nami sikuahidi. Ameniambia tu kwamba wapo.

Oketch alikuwa golikipa kwa sababu kukimbia kulimshinda, na aliwapigia kelele mabeki kuliko kocha. Alipenda mkia wa samaki. Na alilia. Maumivu yakimwanza alilia mpaka jirani wa tatu akasikia, alikuwa hana aibu kabisa. Sisi ndio tulimwambia anyamaze. Hilo ndilo ninalolijutia, kwa sababu kile kilio ndicho kilikuwa kinatuambia.

Barua yako ilifika nikiwa kazini, Jeconia mume wangu akaipokea. Sikuwa nimewahi kumwambia habari zako. Niliporudi alikuwa amekaa na ndizi na barua mbele yake, akaniuliza, "Mong'ina ni nani?" Nikamwambia. Nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke. Halafu akauliza mfuko wa suruali una shida gani. Tunaenda wote kupimwa damu kabla hatujapata mtoto.

Niite utakavyo, wakati wowote.

Valarie


Manga
3 Novemba 2024

Valarie,

Nilikukasirikia vibaya sana. Nilikuomba jambo moja, moja tu, na wewe ukaliandika kwa kalamu. Mong'ina alinisomea barua yako kwa sauti, mimi nikiwa nachambua mboga ya chinsagaa, na alipofika pale kwenye miaka kumi na miwili akasimama akaniangalia usoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Mokua aliniambia nisikujibu nikiwa na hasira, ndiyo maana karibu miezi miwili umekuwa ukipokea ndizi bila barua. Ndizi sikuweza kukunyima, zingeoza.

Lakini nakuandikia leo nikwambie la Jumatatu.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilikuwa jikoni. Mong'ina akatoka kwenye banda la kuku, anatembea vizuri, hata sikumtilia maanani. Akaja akasimama mlangoni akasema, "Mama, inaanza."

Valarie, sijawahi kulisikia neno hilo. Miaka yote hii tumekuwa tukijua pale anapoanguka. Nikamwuliza, "Inaanza wapi?" Akanionyesha, hapa gotini, kidogo tu. Nikamwuliza kama huwa anaisikia ikianza. Akasema kila mara. Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema. Akanishangaa, akasema, "Si mlisema nyanya hakuwa analia?"

Nikakaa chini kwenye gunia la makaa. Nikamwuliza, "Na leo?"

Akasema, "Leo si ya nyanya. Ni ya Oketch, na Oketch alilia."

Akaanza kulia. Haki ya Mungu, hujawahi kusikia kitu kama hicho! Ile sauti ya kwaya yote akaiachilia. Jirani akaja mbio na jembe akidhani ni wezi, Mokua akatoka kuchuma chai na kikapu bado mgongoni. Tulimfunga leso, tukampa maji na dawa, tukapanda boda boda, na njia nzima ya kuteremka Manga analia, watu wanatoka kwenye maboma kuangalia. Kuna mwanamke akapaza sauti, "Mnyamazishe mtoto!" Nikamjibu mambo ambayo sitayaandika, mimi ni mshirika wa kanisa.

Tulifika mapema. Daktari alisema hivyo, tumefika mapema, na ni mara ya kwanza tunaambiwa. Kesho yake mchana tulikuwa nyumbani na yeye anadai chapati.

Kwa hiyo hasira yangu nimeitafuta na siipati. Njoo Desemba shule zikifungwa, uje na Jeconia, mtalala kwetu. Atakuonyesha kaburi la nyanya yake, ameniambia anataka kukuonyesha. Bado hajaamua atakuitaje, usimharakishe. Samaki ukileta, lete na mikia yake, anaitaka yeye.

Zamani uliniambia ananyonya vizuri, nikaenda nyumbani nimetulia. Nami nakwambia hivi: analia vizuri.

Dada yako,
Phanice